Siku Tuliyosema Hatujaelewa

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, tarehe 12 Oktoba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na lile goti lililokuwa likikusumbua limepoa. Je, bado mnapanda vilima kila siku na vile vifaa vya kupimia ardhi? Baba anasema ukiendelea hivyo utashushwa umebebwa pamoja navyo. Nimemwambia asikucheke, maana yeye mwenyewe akipanda ngazi za kiwandani anapumzika katikati na kusingizia kwamba anaangalia mandhari.

Sisi huku hatujambo sote. Bibi anakula, analala na anagombana na redio yake, kwa hiyo ujue ni mzima kabisa. Mama amepata nguo nyingi za kushona, hata meza ya chakula imegeuka meza ya kukatia vitambaa na sisi tunakula tumepakata sahani. Mdogo wangu Kibonge ameng'oka meno ya mbele. Kila mgeni anayeingia lazima aonyeshwe meno hayo kabla hajapewa hata kiti.

Barua yako iliniuliza mambo mawili, Shangazi: kama bado nataka kuja kwako likizo nikushikie fito za kupimia, na kama hesabu zinakwenda vizuri. La kwanza ni jepesi. Nataka, na mfuko wangu wa safari nimeshaufua. Lakini mimi na wewe tulikubaliana nije nikiwa nimechaguliwa mchepuo wa sayansi, na huko hakuna anayeingia bila kufaulu hesabu. Kwa hiyo swali la pili ndilo lenye jibu refu, nalo ndilo limenifanya nichukue karatasi hizi zote.

Shule yetu unaijua, ulisoma hapo hapo. Ila nadhani wakati wako haikuwa imechoka vile. Mwaka jana milango ya vyoo ilikuwa imeng'olewa, na asubuhi watu walikuwa wakinyang'anyana madawati kama abiria wanaogombea viti. Ukutani kuna neno NIDHAMU limeandikwa kwa rangi ya bluu, na chini ya neno hilo ndipo wavulana walipokuwa wakipangia kupigana, kwa sababu pana kivuli kizuri.

Kilichoniumiza zaidi ni kicheko cha darasani. Mtu akiuliza swali, au akikosea ubaoni, kiranja wetu alikuwa anaanza kwa sauti nzito, "Mkia huyo!" na darasa zima linapokea, "Mkiaaa!" Kiranja huyo tunamwita Jenereta, na ukimsikia hata mara moja hutauliza kwa nini. Basi nani angethubutu kuinua mkono? Tulijifunza kukaa kimya na kutikisa vichwa.

Sasa mwalimu wetu wa hesabu ana desturi yake. Akimaliza kila mstari ubaoni anageuka, anauliza, "Mmeelewa?" Nasi tunajibu kwa pamoja, kwa furaha kabisa, "Tumeelewa, Mwalimu!" Anafuta, anaendelea. Ndiyo maana jina lake la utani ni Mzee Mmeelewa. Kwa kuitikia tulikuwa wa kwanza shuleni. Kwenye mitihani ya hesabu tulikuwa wa mwisho.

Mwaka huu tukaletewa mwalimu mkuu mpya, mama mmoja mfupi mwenye viatu visivyo na mlio, hivyo unamkuta tu yuko nyuma yako. Tulitegemea hotuba na fimbo. Badala yake alisimama mstarini akasema kwamba maneno ya ukutani yamechoka kusomwa, sasa tuyafanye. Kila juma shule nzima itachukua tabia moja na kuiishi, kuanzia yeye mpaka mlinzi wa getini, na Ijumaa kila darasa litakaa kuzungumza limeshindwa wapi na limeweza wapi. Alisema tabia ni sehemu ya masomo, tena ndiyo inayofungulia masomo mengine mlango.

Tulianza na kusalimiana. Usicheke, Shangazi, lilikuwa juma gumu. Shule nzima ikipita getini inampa mlinzi shikamoo, mmoja mmoja, na wengine wanatoka na kurudi ili wamwamkie tena. Mzee wa watu akaishia kupiga kelele, "Marahaba! Marahaba ya leo na ya kesho! Jamani, niacheni chai yangu inapoa!" Lakini siku zilivyokwenda niligundua kitu. Ni vigumu kumnyang'anya mtu dawati wakati umetoka kumuuliza mama yake anaendeleaje. Likafuata juma la kusikiliza, kisha la kutunza kisicho chako, na katika juma hilo milango ya vyoo ilirudi. Baba wa Jenereta ni seremala, akaja na randa yake na kumsimamia mwanawe apige misumari mwenyewe.

Halafu likaja juma la ukweli, na hapo ndipo tulipoharibu.

Tulilipokea kwa pupa mno. Jirani yangu wa dawati, ambaye tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haujui likizo, alikwenda jikoni kumwambia mpishi kwamba mchuzi una chumvi kuliko machozi. Mpishi hakukasirika. Alimpa kijiko na kumwambia, "Vizuri sana, mama. Kuanzia kesho uje saa moja kasoro, uwe unanionjea." Bibi naye aliposikia habari za juma hilo alicheka mpaka akafuta macho. "Mimi nimesema ukweli maisha yangu yote," akasema, "ndiyo maana sina mashoga."

Siku ya Jumatano tukawa na hesabu. Mzee Mmeelewa aliandika mstari wake, akageuka, akauliza kama kawaida, "Mmeelewa?"

Darasa likanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mpya, hata yeye alitazama mlangoni akidhani mwalimu mkuu ameingia. Ndipo Kasuku akasema, "Hapana, Mwalimu."

"Nani mwingine hajaelewa?"

Mikono ikainuka yote, wangu ukiwemo.

"Tangu lini?"

Jenereta hakuweza kujizuia. "Tangu mwaka jana, Mwalimu!"

Tukaangua kicheko. Tulikuwa tumejiona mashujaa, Shangazi, tumesema ukweli kama tulivyofundishwa. Lakini nilimwona mwalimu usoni. Aliweka chaki juu ya meza taratibu, akapangusa mikono yake kwa kitambaa, akatoka. Alhamisi hakuja. Ijumaa tukasikia kwamba amemwomba mwalimu mkuu darasa letu apewe mwingine, na hakuna mwingine wa hesabu kwa madarasa yetu. Mtihani wa mchepuo ulikuwa mwezi unaofuata. Niliuona mfuko wangu wa safari ukirudi juu ya kabati.

Kwenye kikao cha Ijumaa wengine walitaka twende tukamwambie kwamba tumeelewa, yaishe. Wengine wakasema ukweli ni ukweli, ameze. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi nyuma, anasikiliza. Hakutoa amri. Aliuliza tu kama ukweli wetu ulimsaidia mtu yeyote katika chumba kile, kisha akatuacha tuhangaike nao mpaka Jumatatu.

Jumamosi nilikuwa nikimshikia Mama pini. Mteja mmoja alikuwa anajaribu gauni, anajigeuzageuza mbele ya kioo huku amenuna, anasema halijakaa vizuri, halijakaa vizuri. Mama, pini zikiwa mdomoni, akawa anauliza neno moja tu: "Wapi?" Mteja alipoonyesha kwapani, Mama akafumua, akaongeza kidogo, na yule mama akaondoka anaimba. Nilibaki na pini zangu mkononi. Sisi tulikuwa tumemwambia mwalimu kwamba gauni lote ni baya, tena kwa kicheko. Hakuna aliyemwambia linabana wapi.

Nilikwenda kwa Kasuku jioni ile ile, na yeye, unavyomjua sasa, kufika Jumapili darasa zima lilikuwa na habari. Tukakubaliana kila mmoja atafute mahali pake, pale hasa alipopotelea. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko hesabu zenyewe! Wengine walirudi nyuma, nyuma, nyuma, wakajikuta wako kwenye kugawanya.

Jumatatu tulimkuta mwalimu chumba cha walimu, ameinamia karatasi za darasa jingine. Tulijaa mlangoni mpaka mwanga ukapungua. Nilisukumwa mbele. Nikamwamkia. Nikamwambia samahani kwa kile kicheko. Halafu nikasema, "Mwalimu, mimi nilipotea pale namba inapohamia upande wa pili na alama yake inabadilika. Sijui kwa nini inabadilika. Nimekuwa nikiibadilisha tu kwa sababu wenzangu wanaibadilisha."

Akamtazama aliyekuwa nyuma yangu. "Na wewe, Kasuku?"

"Mimi nilipotea kwenye hesabu za sehemu, Mwalimu. Nilipotea zamani, nimeshajenga nyumba huko huko."

Akajaribu kujizuia, mabega yakamsaliti. Akacheka, nasi tukapumua. Kisha akavua miwani na kusema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwa mwalimu. Alisema naye alikuwa na ukweli wake. Nyuso zetu alikuwa akiziona siku zote, na moyoni alijua hatujaelewa, lakini ile "tumeelewa" yetu ilimfaa, maana ilimwezesha kuendelea na kumaliza mada kwa wakati. "Tulikuwa tunadanganyana kwa adabu," akasema. "Haya, twendeni nje."

Alituchukua mpaka penye mabaki ya ujenzi, akalaza ubao mrefu juu ya tofali. Jenereta upande huu, Kasuku na mimi upande ule, mpaka ubao ukatulia. Akatushikisha matofali, idadi sawa kila upande. Kisha akachukua tofali moja kwangu, na Jenereta akashuka chini puu, akapiga kelele kama ndama. "Sasa nifanye nini ubao utulie?" Tukajibu atoe moja na kwa Jenereta. Akatoa. Ubao ukatulia. "Basi hakuna kitu kilichohama," akasema. "Hakijawahi kuhama. Tunatoa pande zote mbili."

Shangazi, nilikaa juu ya ubao ule nikahisi kama mtu amefungua dirisha.

Tangu siku hiyo hajauliza tena kama tumeelewa. Anauliza, "Nani amepotea, na amepotelea wapi?" Sisi nasi tukajiwekea sharti letu kwamba anayeonyesha mahali alipopotea hachekwi, anasogezewa nafasi na kuonyeshwa njia na aliyepita hapo kabla yake. Jenereta alikuwa wa mwisho kulikubali. Siku moja aliitwa ubaoni, akakwama, tukamsubiri. Akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo, "Mimi nimepotea hapa." Hakuna aliyesema mkia. Kasuku akainuka akamwonyesha, na alipokuwa anarudi kitini Jenereta akamwambia, "Asante, dada." Darasa la jirani sasa nalo wameomba ubao na tofali, na kwenye mstari wa asubuhi utasikia watoto wadogo wakiulizana, "Umepotelea wapi wewe?" hata kama mtu amechelewa tu kuvaa soksi.

Matokeo yalitoka Ijumaa. Katika hesabu darasa letu si la mwisho tena. Si la kwanza pia, maana nisikudanganye, tuko katikati, na katikati tumepapenda sana. Mimi nimefaulu, Shangazi! Sikupata alama za kutisha, lakini zimetosha, na jina langu limebandikwa kwenye mchepuo wa sayansi. Mama aliposikia alimkumbatia mteja aliyekuwa anampima. Baba alisema "vizuri," akatoka nje, akarudi macho mekundu, akasema ni moshi wa kiwandani. Siku hiyo kiwanda kilikuwa kimefungwa. Karatasi yangu ninayo hapa. Kando ya swali nililokosa mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, "Umepotelea wapi? Njoo Jumatatu." Nitakwenda.

Sasa, kabla sijafunga safari kuja kwako, nami nikwambie jambo. Mwaka jana uliniandikia namna ya kujua urefu wa mnara bila kuupanda, kwa kutumia fimbo na vivuli. Nilikujibu kwamba nimeelewa. Sikuelewa hata kidogo. Juzi nimesimika fimbo uani, Kibonge akashika kamba, na nimefika mbali: najua lazima vivuli vyote viwili vipimwe saa ile ile. Ninapopotea ni baada ya hapo, kwenye kulinganisha. Nikija, naomba unionyeshe mahali hapo.

Bibi anakusalimu na anauliza mbona hupigi simu mchana, wakati yeye yuko macho. Kaka yako anakusalimu, wifi yako pia, na anaomba vipimo vyako vipya kama umenenepa. Kibonge anataka kukutumia jino moja, nimemkatalia. Nisalimie wenzako wote mnaofanya nao kazi, hasa yule dereva anayekuchekesha.

Mungu akulinde mlimani na bondeni, akupe goti jipya, na atukutanishe likizo tukiwa wazima.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
na niliyepotelea kwenye vivuli.