Tulisema Mtoto Ndiye Hataki Kulala

Mke wangu, Mama Rehema,

Sikuulizi hali, maana huko uliko hakuna tena anayeumwa mgongo. Mimi bado niko Mikumi, bado nabeba. Lori likiharibika barabarani tunaitwa sisi kufaulisha mzigo, kuutoa kwenye lori bovu na kuupandisha kwenye zima, na madereva hawana subira. Wiki hii ilikuwa saruji. Vidole vimekauka mpaka kalamu inateleza, utanisamehe mwandiko. Unajua niliishia darasa la tano, na barua zetu zote ulikuwa ukiandika wewe, hata zile za kwenda Kondoa kwa mama yangu.

Nakuandikia kwa sababu mtoto wetu ameposwa, na siku ya posa yake mimi nimekutia aibu. Nimejitia na mimi mwenyewe, lakini hiyo yangu naweza kuibeba. Yako ndiyo inayonielemea.

Unaikumbuka ile katuni ya punda? Tulikuwa Kimamba, kwenye kambi ya mkonge, chumba kimoja. Mchuuzi wa baiskeli alipita na sidii zake kwenye beseni, zimechanganyika na sindano na viberiti. Ukachagua ile yenye picha ya punda mdogo mwenye kengele shingoni, ukasema, "Hii ya mtoto." Tukaiweka kwenye deki. Waliokuwemo walizungumza lugha ambayo hatukujua hata ni ya nchi gani. Rehema akalala kabla punda hajafika sokoni.

"Rehema, umelala?" uliuliza. Nikainuka nizime, ukanishika suruali.

"Acha kidogo, nione kama atavuka mto."

Alivuka, na sisi tukavuka naye. Tukaangalia mpaka yale majina ya mwisho yasiyosomeka yakaisha kupanda. Baada ya hapo ikawa ndiyo desturi yetu tukishakula. Tunamweka Rehema katikati, tunawasha, analala, tunaendelea. Watu wazima wawili wenye mikono iliyochanwa na miiba ya mkonge, macho yamekodoka kwa ajili ya punda wa kuchorwa. Mama Chiku wa chumba cha pili akigonga ukuta, "Nyie! Huyo mtoto wenu halali?" wewe unajibu kwa sauti ya kuchoka kabisa, "Hataki kulala huyu, shoga yangu! Kanishinda!" Na Rehema anakoroma. Mimi nauma shuka nisicheke.

Kwa kuwa hatukuelewa lugha, uliwapa wewe maneno. Kobe mzee ulimpa sauti ya msimamizi wetu wa shamba, yule aliyekuwa akipitia matita ya mkonge kwa kuyapiga teke. Mwenye soko ulimpa ya shangazi yako wa Zombo, na alipokasirika ulimgombeza punda kwa Kisagara. Mimi uliniachia kulia tu kama punda, ukasema hiyo inanifaa. Lakini pale mama punda anapomfungia mwanawe kengele yake kabla hajauzwa, hukufanya mzaha. Ulisema taratibu, na kila mara ulisema vilevile: "Nimekufungia kengele yangu. Ikilia, si mimi nakuita. Ni wewe unatembea. Basi tembea."

Na mwisho, yule mdogo anapolala kwenye matope nchi ya mbali, amekata tamaa, anageuza kichwa, kengele inalia, anafikiri mama yake amekuja. Anatazama huku na huku. Hakuna mtu. Kumbe ni shingo yake mwenyewe. Ndipo anainuka. Hapo wewe hukusema kitu. Ulikuwa unavuta pua, unasingizia moshi wa jiko.

Ulipoondoka nilimwacha Rehema kwa dada yako Kilosa, nikaja huku. Deki iliharibika, ile sidii ikapasuka ndani yake. Sikuwaza kwamba nitamwona tena punda yule.

Mwaka juzi, Jumamosi alasiri, nimetoka kushusha mbao, napita nyuma ya nyumba za wageni. Pale kuna kibanda umiza cha Mama Upendo. Usiku huonyesha mpira kwa wakubwa, Jumamosi mchana huonyesha katuni kwa watoto, naye anakaanga mihogo mlangoni. Nikasikia ile kengele. Mke wangu, miguu iligeuka yenyewe. Nikainama nikaingia, nikakaa kwenye benchi la mbele maana lilikuwa limebaki wazi. Ni yeye. Ila sasa kuna mtu amemwekea Kiswahili juu yake, mwenye sauti nzito kama anatangaza ngumi. Ikafika mama punda anafunga kengele, jamaa akasema, "Nenda mwanangu, kapambane na maisha!"

Sijui nilipatwa na nini. Nilisema kwa sauti, "Hakusema hivyo!"

Watoto wakageuka. Mmoja akauliza, "Kwani alisemaje, babu?" Nikawaambia alivyosema. Kisha yule aliyeuliza akamwambia Mama Upendo, "Zima sauti, aseme huyu."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi ambayo hakuna lori, nakwenda. Mama Upendo anazima sauti, mimi nasema. Kobe nampa sauti ya msimamizi, mwenye soko nampa ya shangazi yako, na nalia kama punda mpaka vumbi linadondoka kwenye bati. Wenzangu wa mzigo nilikuwa nawaambia nakwenda kumwangalizia Mama Upendo watoto. Kumbe wamekwishajua. Wananiita Babu Punda. Mtu mwenye mvi anaitwa punda mbele za watu, na anaitikia. Lakini sikuacha. Tangu nikuzike, ni pale tu nilipokuwa nikisikia unavyozungumza, hata kama ni kwa mdomo wangu huu mbovu.

Sasa ya mshenga. Rehema alinieleza kwamba kuna kijana, fundi cherehani wa Kilosa, na kwamba watamtuma Mzee Kibwana aje kwangu. Hakusema siku. Mzee wa watu akapanda basi Jumamosi, kanzu imepigwa pasi, akashuka Mikumi akauliza nakaa wapi. Wapakiaji wakacheka, wakamwelekeza kwenye kibanda.

Mimi sina habari. Niko mbele, nimesimama kabisa, maana pale punda anapokataa kupanda boti huwa naonyesha na miguu. Nalia kwa nguvu zangu zote. Mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, nikasikia sauti ya mtu mzima.

"Hodi humu. Namtafuta Baba Rehema."

Nikajua ni nani. Nikakaa haraka katikati ya watoto, nikainamisha kichwa, nikajibu kwa sauti nyembamba, "Hayupo!"

"Huyu hapa!" wakapiga kelele wote. "Babu Punda huyu hapa! Anajificha!"

Nikainuka. Nilikuwa na jasho, shati nimelifungua vifungo. "Shikamoo mzee."

"Marahaba." Aliniangalia, akaiangalia tivii, akaniangalia tena. "Nimekuta una kazi."

"Hapana mzee, nawaangalia watoto tu hawa. Hawatulii."

"Muongo!" akasema mmoja. "Huwa anakuja wa kwanza!"

Mzee Kibwana hakucheka, na hilo ndilo lililoniua. Angecheka ningepata pa kushika. Alikaa kwenye ukingo wa benchi akasema, "Malizeni kwanza, mimi nitasubiri." Nikawa sina pa kukimbilia. Watoto wananivuta shati, "Sema, Babu, sema!" Nikasema yale maneno ya kengele mbele ya mshenga wa mwanangu.

Baadaye tulikaa kwenye kibao cha muuza chai, malori yanapita. Akasema yaliyomleta, kwa adabu kama inavyotakiwa, kwamba wanaomba kuzaliwa nyumbani kwetu. Nikaitikia. Akaja kwenye mkaja. "Kilemba chako wewe utakitaja," alisema. "Lakini mkaja ni wa mama, ni kwa lile tumbo alilolifunga kitambaa baada ya kuzaa. Mama hayupo. Kwa hiyo wewe ndiye wa kutuambia, marehemu apewe nini?"

Nikasema nitafikiri. Nilitaka tu aondoke, nikalale kifudifudi.

Akanywa chai. Halafu akaniuliza, "Yale maneno ya kengele, uliyapata wapi? Hayamo kwenye ile sinema. Wajukuu zangu wanayo, naijua."

Hapo, Mama Rehema. Hapo ndipo ninapokuomba radhi. Niliogopa atarudi Kilosa kusema baba wa bi harusi ana upungufu, na mkewe naye alikuwa vilevile, usiku mzima wakicheza na katuni. Niliogopa mtoto atakataliwa kwa ajili yetu. Nikasema, "Ah, ya barabarani tu, mzee. Nimeyaokota kwa madereva."

Akatikisa kichwa. "Ajabu. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyezaa."

Aliweka kikombe, akasema atarudi Ijumaa baada ya sala kuchukua jibu la mkaja, akaenda kusubiri basi.

Juzi Rehema akapiga simu. "Shikamoo baba." Sauti ilikuwa ngumu.

"Marahaba mwanangu."

"Baba, ni kweli ulikuwa unalia kama punda mbele ya Mzee Kibwana?"

Nikasema ni kweli. Nikamuuliza kama wamekataa. Akasema hawajakataa, ila mama wa kijana amecheka mpaka kanga imemvuka, na yeye Rehema amejifungia ndani kwa aibu. Nikamwambia nisamehe, sitakwenda tena. Badala ya kunijibu akauliza, "Ni yule punda wa Kimamba?"

"Ndiye."

"Huwa anafika?"

"Anafika wapi?"

"Sijui, baba. Mimi huwa nakumbuka mpaka sokoni. Baada ya hapo nilikuwa nalala."

Tangu siku hiyo sijapata raha hata nikiwa na gunia kichwani. Tulimnunulia yeye. Tulimsingizia yeye kwa Mama Chiku, kwamba ndiye hataki kulala, tukala wenyewe chakula chote. Mimi nikaja kuwagawia watoto wa Mikumi, ambao hata majina yao yote siyajui, na uliyemzaa wewe hana hata neno moja. Alipouliza mtu mzima mwenzangu ni maneno ya nani, nikawapa madereva.

Bado naona aibu ya kibanda, sikudanganyi. Nikiwaona watoto wale barabarani napinda kona. Lakini leo ni Alhamisi. Mzee Kibwana akija kesho nitaanza na hilo la kengele, nimwambie ni yako, hapohapo kwenye kibao cha chai, wapakiaji wakisikia. Halafu nitautaja mkaja wako, nao ni huu. Siku watakapokuja kumchukua Rehema, kabla hajatoka mlangoni kwa dada yako, tuwekewe tivii, Mama Upendo ameshakubali kuniazima flashi yake yenye ile katuni. Sauti izimwe. Rehema akae, mumewe akae, na mama mkwe wake mcheshi, na Mzee Kibwana na kanzu yake. Nami nitasema yote, na Kisagara cha shangazi, mpaka kwenye matope na mbele yake. Nitalia kama punda mbele ya wakwe. Sijui kama nitaweza.

Wakikataa, watakuwa wamekataa nikiwa nimekutaja jina.

Pumzika, mke wangu. Wanapiga honi huko nje, kuna lori limekwama.

Ni mimi mumeo, niliyeuma shuka nisicheke,

Baba Rehema