Batobato Sebuleni

Alhamisi, Kalangalala

Na bado alitaka nimshukuru.

Nimerudi na Neema kutoka kliniki, nikamkuta mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka Runzewe, anafagia sebule. Ukuta mtupu. Ua langu la kutambaa, lenye majani ya mabaka meupe, halipo.

"Mayu, ua langu liko wapi?"

"Nimelikatakata, nikalichoma. Lilikuwa na batobato, Mama Neema. Na shule yako yote hiyo, hukuona?"

Shambani kwake muhogo ukitoka mabaka ya batobato hung'olewa siku hiyohiyo, usiambukize mingine. Namwelewa. Ndiyo maana sikupiga kelele. Lakini mabaka hayo ndiyo yanayotafutwa! Maua ya kijani tupu yamejaa kila mahali. Mwaka mzima nimelipangusa jani kwa jani, kiangazi nikilizungushia kitambaa chenye maji. Dada mmoja wa hotelini angekuja Jumamosi kununua vipandikizi vya kwanza. Nilijiapiza sitarudi kuponda mawe ya dhahabu na mtoto mgongoni. Sasa Jumatatu...

"Maua yangu usiyaguse tena, mayu," nimemwambia, taratibu. Kisha nikampakulia ugali.

Chini ya kochi nimeokota kipande kimoja cha shina, kina jicho moja tu la kuchipua. Nimekitia kwenye glasi ya maji, nikakificha nyuma ya kabati.

Namsikia chumbani kwake anasali, anaiombea nyumba yetu afya. Mimi naomba jani litakalochipua liwe gonjwa vilevile.