Mama Deo Anasoma Kimya

Jumanne, jioni

Daktari wa Biharamulo amesema jicho lililobaki nalo linakwenda, na hakuna dawa. Naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Tangu nistaafu, kurasa chache za kila siku ndizo zilikuwa zinanituliza. Nisiposoma nawaza kifo tu.

Leo mke wangu alinisomea kitabu changu. Anasoma polepole, na "kulala" anatamka "kurara". Niliudhika, nikawa namkatiza.

Akanyamaza. Nilidhani amekasirika, kumbe anacheka peke yake, anafunua ukurasa mwingine.

"Mama Deo, soma kwa sauti basi."

"Ngoja kwanza, Baba Deo, nimalize hapa."

Sikumsumbua tena. Raha ile naijua, na ndiyo hiyo inayoniacha.