Kahawa ya Aloisi na Deni la Taifa

Jumanne. Mvua ya masika inanyesha tangu alfajiri, na mlima sijauona kwa siku nne. Kifua kinabana.

Kuna jambo nimemficha mdogo wangu Aloisi tangu miaka ya themanini. Nimechoka kulibeba.

Nilikuwa ofisa wa Hazina. Nchi ilishindwa kulipa madeni yake, tukatumwa ng'ambo kuwaomba wadai watuongeze muda. Tulirudi na masharti, na ruzuku ya dawa ya kahawa ikafutwa. Huku Kirua, Aloisi hakumudu kuinunua dawa kwa bei mpya. Kahawa ikaozea mtini kwa ugonjwa, na mwishowe akang'oa mibuni aliyoipanda baba yetu.

Nilimwambia wazungu walitulazimisha.

Leo mchana alikuja na mtori kwenye chupa ya chai.

"Shikamoo, kaka. Bado upo tu?"

"Marahaba. Nakusubiri wewe utangulie."

Alicheka, akakaa kitandani, akaanza kuninywesha kijiko kwa kijiko.

"Hao wadai wako wangekuwa na utu, wangekuja wenyewe kukulisha," alisema. Kisha, kwa upole: "Usijitese, kaka. Ungefanya nini, mtu mmoja mbele ya wenye hela?"

Nilifungua mdomo kupokea kijiko kingine.

Kwetu aliyekosa akileta jani la isale, aliyekosewa hamkatalii msamaha. Jana nilijikongoja hadi kwenye mpaka wa shamba, nikachuma moja na kulifunga fundo. Muda wote alipokuwa akinilisha lilikuwa chini ya mto. Sikulitoa. Ningempaje, naye hajui anasamehe nini?

Bado lipo hapa. Limeanza kunyauka.

Binti yake aliyeko Dar huisoma blogu hii. Atampigia baba yake simu leo hii hii, namjua. Kwa mdomo nimeshindwa, basi na iwe hivi.

Aloisi, wadai walitaka tupunguze matumizi. Tupunguze nini, walituachia wenyewe. Orodha niliiandika mimi. Katika ujumbe ule uliotumwa ng'ambo Mchagga nilikuwa peke yangu, nikaogopa wenzangu wasije wakasema nalinda kahawa ya kwetu.

Hakuna mzungu aliyeitaja dawa ya kahawa. Niliiandika mimi, na niliiweka ya kwanza.