Kangaga Niliyompa Moraa

Jumatatu, 6 Mei
Nimebadilisha maji ya tangi la samaki. Ndoo mbili. Nimetoa majani yaliyooza. Kangaga imeshika jiwe la kuchongwa kutoka Tabaka kwa mizizi yake, nimekata uzi niliokuwa nimeifungia. Miaka mitatu naitunza. Samaki wazima. Mgongo unauma.

Jumatano, 8 Mei
Mpishi wa ile hoteli mpya kaja dukani kununua leso. Kaniambia meneja alinitaka mimi nipande mimea kwenye tangi lao la ukumbini. Rafiki yangu Moraa akamwambia meneja mimea yangu ina ugonjwa, inaua samaki. Kazi kapewa yeye.
Moraa! Kila Jumamosi kwangu, chai yangu, vipandikizi vyangu. Hakujua hata kwamba mizizi ya kangaga haifukiwi mchangani.
Sikulia. Nimepima vibaya kitambaa cha mteja, mara mbili.

Jumamosi, 11 Mei
Kaja kama kawaida. Anacheka. Hoteli hajaitaja. Ameomba kangaga kubwa, ati ya rafiki yake. Nikamwambia, "Rudi Jumatatu, nikuchagulie nzuri."
Namchukia. Nimeandika ili nilione neno lenyewe.

Jumatatu, 13 Mei
Kuna kagugu kanakoelea juu ya maji, kadogo kama punje ya wimbi. Kakiingia tangini hakatoki. Kanazaana mpaka kanafunika maji yote na mimea ya chini inakosa mwanga. Mimi nakafuga kwenye beseni nyuma ya nyumba, chakula cha bata.
Leo nimesukuma punje kumi na mbili katikati ya mizizi ya kangaga. Nikaifunga kwa gazeti bichi.
"Mbuya mono, vizuri sana, Mama Salim," akasema Moraa. "Mungu akubariki."
Mchana nimekula nikashiba.

Jumatatu, 27 Mei
Amepiga simu. Sasa hoteli imetajwa, kwa sauti ya chini. Maji yamekuwa kijani juu, afanye nini?
"Ongeza mbolea," nikamwambia. "Na taa usizime mapema."
Akarudia kila neno. Nadhani alikuwa anaandika.
Mbolea na mwanga. Ndicho chakula cha kagugu kangu hasa.

Jumanne, 4 Juni
Nimepita hotelini makusudi. Tangi limefunikwa lote, samaki wanatweta. Wawili wamekufa. Moraa juu ya kiti, anachota kwa chujio la chai, mkono umelowa hadi begani. Wageni wanatazama. Meneja akamwambia mbele yao aondoke, asirudi.
Sikuondoka. Nilitaka kuuona uso wa Moraa. Nimeuona.
Mlangoni akanishika mkono. "Mama Salim, nilikusema vibaya kwa meneja, na wewe bado ukanisaidia. Nisamehe."
Nikasema nimemsamehe. Sijamsamehe. Wale samaki wawili tu ndio walionisumbua, njia nzima.

Jumapili, 23 Juni
Mvua tangu asubuhi. Meneja hayaamini tena maneno ya Moraa; kazi ya hoteli sasa ni yangu.
Moraa amerudi kwao Keumbu. Ametuma mkungu wa ndizi mbivu, na karatasi: asante kwa yote uliyonifundisha.
Salim kala, dada zake wamekula. Mwishowe nami nikamenya moja. Nilingoja inikwame kooni.
Haikunikwama. Nikamenya ya pili.