Mashine Niliyoinyamazisha kwa Ajili ya Wekesa

Mbotela, Nairobi
Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako Nanjala, ambaye bado anapumua na bado anakula, ingawa si kwa hamu. Mguu wako unaendeleaje? Dada Nafula aliniambia uvimbe umepungua, na kwamba siku hiyo hiyo ulirudi shambani na jembe, nikajua huyo ni Mama mwenyewe. Kikohozi cha Baba je? Yule ng'ombe mweusi amezaa? Na mvua imefika, ama bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wenzenu?

Najua unashangaa kwa nini nimekuandikia karatasi wakati simu iko. Mama, simu yako unaifungulia sauti na kila anayepita njiani anasimama kusikiliza. Mara ya mwisho nilikuambia nina homa, na kabla ya jioni shangazi alikuwa amenipigia kuniuliza kama nina mimba. Haya ya leo ni yako na Baba tu. Tena mengine siwezi kuyasema kwa mdomo, maana chumba chetu ni kimoja.

Ni habari za kaka Wekesa. Umeniuliza mara nyingi kwa nini ukipiga simu ananipa mimi niongee, na umesema jiji limemtia kiburi hata hamtaki mamake. Halafu juzi ukasema basi arudi nyumbani, kule kuna utulivu, kichwa chake kitapoa. Nimekuwa nikikujibu nusu nusu. Leo nitakujibu yote, na unisamehe kama yatakuumiza.

Ulipoambiwa ameachishwa kazi kule kiwanda cha misumari, uliambiwa kazi imepungua. Si kweli. Msimamizi alimpigia kelele atoe mkono kwenye mashine, na yeye hakusikia. Mwenzake alimvuta shati, la sivyo leo angekuwa na mkono mmoja. Kesho yake wakamwambia asirudi. Miaka yote aliyofanya kazi pale alikuwa anaziba masikio kwa pamba ya kununua mwenyewe. Akaja kwangu na begi moja, nikatundika pazia katikati ya chumba, yeye upande wa dirisha, mimi na kompyuta yangu upande wa mlango.

Kazi yangu unaijua, japo huko unawaambia watu kwamba niko ofisini. Ninatumiwa sauti za watu waliohojiwa, wakulima, akina mama wa vikundi, wengine wakiongea Kibukusu chetu, nami nasikiliza na kuandika kila neno. Ninakula kwa masikio. Kompyuta yenyewe ni ya bei ya chini, na lile kasha lake, ambalo huku tunaliita sipiyu, ni bati jepesi lenye feni ndogo nyuma inayozunguka kwa hasira kutwa nzima. Mimi nilikuwa nimeizoea. Wekesa ilimshinda.

"Nanjala, hii kitu yako inanimaliza," akaniambia siku moja. "Hata ukizima, bado naisikia. Imeingia kichwani."

Nilidhani ni kama mtu aliyeshuka kwa basi la mbali akabaki anahisi anatikisika. Akasema ikinyamaza hata kwa wiki moja, kichwa kitaisahau. Nilimwamini, na yeye mwenyewe aliamini. Kuzima haiwezekani, maana nikizima hatuli. Basi nikaamua mashine itanyamaza huku ikifanya kazi, hata kama ni kuikatakata.

Usikasirike, Mama, lakini cha kwanza kuondoka kilikuwa kile kitambaa ulichonifumia. Nilikuwa nimekitandika juu ya sipiyu, maua yote yananing'inia nyuma, kila mgeni anasifu. Kumbe nyuma ndiko hewa ya moto inakotokea. Mashine ilikuwa inakosa pumzi, na ikikosa pumzi feni inaongeza mbio. Kitambaa sasa kiko juu ya mtungi wa maji, na pale pia kinapendeza.

Halafu nikafanya ujinga wangu mwenyewe. Nilikata vipande vya godoro kuukuu nikavibandika ndani ya kasha, kila upande, bila kuacha nafasi. Kelele ikapungua sana, nikacheka peke yangu. Kabla ya chakula cha mchana skrini ikawa nyeusi, kazi ya asubuhi nzima ikapotea, na nilipogusa bati nikarudisha mkono haraka. Nilikuwa nimeivalisha sweta wakati ilichotaka ni dirisha.

Nikaibeba mpaka kwa Njoroge, fundi wa bati anayetengeneza masanduku ya shule na majiko karibu na barabara. Ni kijana wa watu wa kule Murang'a, ana maneno mengi lakini mkono wake umenyooka. Akaipindua, akaipiga piga na kidole.

"Sasa hii kitu inapumulia wapi?"

"Hapo mbele. Si unaona vitundu?"

"Sista, hizi ni za urembo tu. Cheki, nyuma ya hii plastiki ni bati tupu. Walikuchezea. Wacha niikatie mlango."

Akakata tundu la mviringo upande wa mbele, chini, akalipiga tupa mpaka likawa laini. Hapo nikafunga feni pana niliyoitoa kwenye mashine iliyokufa. Feni pana huzunguka polepole na bado inavuta hewa nyingi, kwa hivyo haipigi mayowe. Baridi inaingia chini mbele, moto unatokea juu nyuma. Ili vumbi lisiingie nikavuta soksi yangu ndefu, ile ya kuvalia harusi ya Nafula, nikaitandaza juu ya tundu. Diski iliyokuwa inatetemesha bati nikaining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Chini nikaweka miguu ya malapa yaliyokatika. Godoro nikaliacha pale tu ambapo hewa haipiti. Ile feni ndogo yenye hasira nikaitoa, nikaitupa kwenye droo.

Wekesa alinisaidia siku hizo zote. Alishika bati nikikaza skrubu, akanitania kwamba Baba alikosea kunipeleka shule, angenipeleka gereji. Nilikuwa sijamsikia akitania tangu afike kwangu. Nilijivuna, Mama, siwezi kukuficha. Nilijiona nimemwokoa kaka yangu kwa bisibisi.

Tukaiwasha Jumapili asubuhi, majirani wakiwa kanisani na redio zao zimezimwa. Ilibidi niweke kiganja nyuma ya kasha nihisi upepo ndipo nijue kama kweli imewaka. Nikamgeukia Wekesa. Alikuwa ameketi kitandani, pazia limefunguliwa, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Bado inalia," akasema.

"Haiwezi."

"Inalia, Nanjala."

Nikachomoa waya ukutani. Nikamwonyesha nimeushika mkononi. "Na sasa?"

Akaziba masikio kwa viganja, akaachilia, akaziba tena. Nilimwona anavyoelewa. Ilikuwa ni ile ile, aachilie au azibe.

"Wewe unasikia nini saa hii?" akaniuliza.

"Sisikii kitu."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Watoto wanacheza mbali kule nje. Basi."

"Mimi naisikia. Sasa hata imekuwa kali kuliko jana. Si mashine," akasema. "Haikuwa mashine."

Halafu akalia. Mama, hata tulipomzika Babu sikumwona akilia. Alilia akiwa ameushika ule waya niliouchomoa, na mimi sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Nilimpeleka hospitalini. Daktari wa masikio, mtu mpole sana, alituonyesha picha ya sikio lilivyo kwa ndani. Alisema kelele za miaka ya kiwandani zimeua vile vinyweleo vidogo vya kusikilia, na vikifa havioti tena. Ile sauti inatoka kichwani mwake mwenyewe. Dawa hakuna. Alimwambia aepuke kelele kubwa, zitamalizia kilichobaki, lakini asikae mahali penye kimya kabisa, maana kimya ndicho kitaipandisha. Akasema pia kwamba sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza.

Ndiyo sababu haongei nawe, Mama. Sauti yako ni nyembamba, na simu inaipunguza zaidi. Anachosikia ni kama mtu anakwaruza karatasi. Anaona haya kukuambia kwamba hakusikii. Mara mbili alijaribu kukujibu kwa kubahatisha, wewe ukasema anakudharau. Hakukudharau. Alirudi nyuma ya pazia akakaa siku nzima bila kula.

Baada ya hapo akaanza kupotea mchana. Anatoka asubuhi, anarudi jioni, ukimuuliza anasema alikuwa anatembea. Niliogopa, nikafikiri amepata pombe. Kisha nikapita kwa Njoroge, akanivuta kando.

"Sista, brathe yako anashinda hapa. Hataki kazi, hataki chai. Anakaa tu karibu na nyundo, anafunga macho. Kwani ako na shida gani?"

Nilimkuta ameketi juu ya sanduku ambalo halijapakwa rangi. Mafundi wanapiga bati pande zote, mimi mwenyewe nataka kukimbia, naye uso wake umetulia kabisa. Ndani ya kelele zile ndimo alimopumzikia. Na ndizo zile zile daktari alisema zitammaliza. Nilimwita jina lake mara nyingi nikiwa hatua chache kutoka kwake, hakufungua macho mpaka nikamgusa bega.

Basi nikarudi nyumbani nikafungua droo. Nikaitoa feni ndogo nikaifunga mahali pake. Nikabandua godoro lote. Nikakata tyubu, nikaikaza diski kwenye bati itetemeke ilivyokuwa inatetemeka. Kazi niliyoifanya kwa majuma niliivunja mchana mmoja, na Wekesa alikuwa ameketi anatazama, ananipa skrubu moja moja. Lile tundu la Njoroge tu ndilo limebaki, siwezi kulishona. Nilipoiwasha ikanguruma kuliko zamani. Akajilaza. Akalala pale pale, saa za mchana, mdomo wazi. Na mimi nikakaa namtazama, nikatamani kuvunja kitu.

Sasa haendi tena kwa Njoroge. Anakaa nyuma ya pazia, na mashine inalia kutwa, hata ninapopika, hata ninapotoka. Nikiizima anafungua pazia, ananitazama, naiwasha. Kuna siku inamsaidia na kuna siku haimsaidii hata kidogo, na hizo ndizo zinazidi kuwa nyingi.

Kwa hivyo, Mama, naomba usimwite nyumbani. Ule utulivu unaousifu ndio unaomtesa. Ukimlaza kwenye ile nyumba yake kule nyuma ya migomba, hakuna stima, hakuna chochote, atabaki na hiyo sauti peke yake. Aliniambia akikaa hivyo wiki moja atajitoa uhai. Nimeliandika mara moja, sitalirudia, na usimwonyeshe mtu yeyote hapa nilipoliandika.

Mwanzo nilitaka kumaliza barua hii kwa neno la kukutuliza. Nimelitafuta sijalipata. Sioni mwisho wa jambo hili. Nimechoka, na nikisema nimechoka naona aibu, maana anayeumwa si mimi. Naomba kila siku na sijui ninaomba nini, kwa sababu kupona daktari alishakataa, na kuzoea sijaona dalili yake.

Msalimie Baba, umwambie asiache dawa ya kikohozi kwa sababu tu amepata nafuu. Msalimie dada yangu Nafula na mumewe, na yule mtoto wao anayekataa kunyolewa. Shangazi umwambie homa iliisha na mimba haipo. Msalimie jirani yetu anayekusaidia kukamua, na mwalimu wa kwaya, umwambie bado naimba sauti ya pili ingawa huku hawaijui vizuri. Wekesa anakusalimu. Hakuniambia, lakini nikimwambia barua imeenda atauliza kama nilimtaja.

Mama, nilikuwa nimeshaikunja barua hii, nimeifungua tena. Tangu nirudishe ile feni, kazi yangu naifanya nimevaa zile spika za masikioni, na ili nisikie watu wanasema nini juu ya ngurumo, ninafungua sauti mpaka mwisho. Jana kanisani mchungaji alituambia tunyamaze, kila mtu aombe moyoni mwake. Kanisa zima likawa kimya. Mimi nikasikia feni. Nikafungua macho nikaangalia darini, nikaangalia kwenye kuta, nitafute imefungwa wapi. Kanisa letu halina feni, Mama.

Wekesa asijue. Akijua ataondoka hapa siku hiyo hiyo, na hana pa kwenda.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Nanjala