Ile A Isiyo na Mkanda

Zuhura mjukuu wangu,

Sie wa Temeke tu wazima. Mama yako kashahamia Madale, na bibi yako anakuulizia kila siku. Umeuliza kwa nini kwenye picha ya lile bango langu la dansi A ya mwisho haina mkanda wa katikati.

Ujanani nilikuwa napanga herufi za mbao kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Zilitoka ng'ambo, nene, zenye ncha pana kama zimevaa viatu. Siku ya bango hilo napanga DANSI KABAMBE TANDIKA, A zikaniishia kwenye herufi ya mwisho kabisa.

"Mwenye bendi yuko njiani," bosi wangu Mzee Salehe akasema. "Akikataa, tumemkosa."

Nikachukua V, nikaigeuza juu chini. Ikakaa vizuri. Mwenye bendi alisoma kwa sauti mpaka mwisho, akacheka. "Si Tandika hiyo? Chapeni!"

V zilibaki tele sandukuni. Mpaka leo najiuliza: waliochonga herufi zile humwitaje mama, hata wakaona A chache zinatosha? Wewe unayeishi nao huko ng'ambo, wasikilize, kisha uniambie.

Babu yako